Kuchora mistari ya mikromita 10 kwenye silikoni ukiwa Kisumu

Anayeota utafiti wa chipu asisubiri chumba safi cha mamilioni. Chumba kidogo kilichozibwa vumbi, spina (mashine ya kuzungusha kipande kwa kasi), hotpleti, taa za njano na taa ya urujuanimno ya nanomita 365 vyatosha kujifunzia fotolithografia, yaani kuchora kwa mwanga. Kinachowashinda wengi karibu na ziwa ni unyevu, hasa wakati wa masika.

Kwaruza ukingo wa sahani ya silikoni aina ya (100), namba ya mpangilio wa fuwele yake, kwa kalamu ya almasi, milimita 3 tu, sambamba na upande wake uliokatwa bapa. Weka waya mwembamba chini ya mkwaruzo, bonyeza pande zote mbili: inapasuka yenyewe, imenyooka kama rula. Vipande vya sentimita 2 kwa 2 vinafaa.

Osha kwa asetoni dakika 5, kisha isopropanoli kabla asetoni haijakauka, la sivyo madoa yatabaki. Puliza kwa naitrojeni. Sasa usiharakishe: hotpleti nyuzi 150, dakika 10. Uso wa silikoni huwa na utando wa oksidi unaoshika maji ya hewani, na fotoresisti (kimiminika kinachobadilika kikipigwa mwanga) haigandi juu ya maji. Dawa ya kuoshea resisti iliyomulikwa itapenya chini yake na mistari itaelea kwenye bika kama nyuzi. Acha kipande kipoe dakika moja, umwagie resisti papo hapo. Ukienda kunywa chai kwanza, kausha upya.

Resisti ya S1813 kwa mizunguko 4,000 kwa dakika, sekunde 40, hutoa unene wa karibu mikromita 1.3. Rangi ikiwa moja toka katikati, umepatia. Ukiona mkia kama wa kimondo, kuna chembe ya vumbi. Osha kwa asetoni uanze tena. Umeme ukikatika spina ikizunguka, vivyo hivyo.

Oka nyuzi 115 kwa sekunde 60. Pima uso wa hotpleti kwa kipimajoto, maana namba ya kitufe mara nyingi hudanganya. Joto likizidi, kemikali inayohisi mwanga huungua.

Bana maski (kioo chenye mchoro unaozuia mwanga) ishikane kabisa na kipande. Mwanya hufifisha kingo. Muda wa mwanga utafute kwa kufunika sehemu kwa kadi: sekunde 5, 10, 15, 20.

Osha resisti iliyomulikwa kwa dawa ya TMAH (tetramethili amonia hidroksidi) ya asilimia 2.38, sekunde 60, ukitikisa taratibu. Hii hupenya ngozi na inaweza kuua: vaa glavu na miwani, wala usifanye peke yako. Sodiamu hidroksidi ni rahisi kupata na yafaa kwa mazoezi, lakini sodiamu hujipenyeza kwenye oksidi na kuvuruga transista.

Nakuru, Januari hewa ikikauka, shida hugeuka. Mmenyuko wa mwanga ndani ya resisti hii wenyewe unahitaji maji kidogo, hivyo tabaka nene likishaokwa liache litulie dakika kadhaa kabla ya kulimulika.