Kupima Koili na Rizista Yake kwenye Gari la Zamani

Hapa Arusha nilimsaidia mzee mmoja ambaye Datsun yake iliwaka wakati wa kupiga stata, kisha ikazima papo hapo alipoachia ufunguo. Alikuwa ameshauriwa anunue koili mpya (kifaa kinachokuza volti za betri ili plagi zitoe cheche), lakini dalili hiyo kwa kawaida huelekeza kwenye rizista, yaani kipande kinachopunguza mkondo unaoingia kwenye koili.

Hatua ya 1: Chomoa nyaya za koili, kisha pima ukinzani kati ya chanya na hasi. Koili ya omu 3 hivi hupokea volti 12 moja kwa moja. Ya omu 1.5 hivi imeundwa kufanya kazi pamoja na rizista, na ikiikosa mkondo hukaribia ampea 8 badala ya 4, koili ikachemka na pointi za distributa (vigusio vinavyokata na kuunganisha mkondo wa koili) zikaungua.

Hatua ya 2: Pima rizista, ambayo mara nyingi huwa kipande cheupe cha kauri chenye omu 1.5 hivi.

Hatua ya 3: Rudisha nyaya, washa swichi bila kupiga stata, kisha pima volti kwenye chanya ya koili. Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Pointi zikiwa wazi hakuna mkondo unaopita, na pasipo mkondo rizista haipunguzi volti yoyote. Kwa hiyo mita itasoma 12 hata rizista ikiwa nzima, nawe utadhani gari halina rizista kabisa. Fungua kifuniko cha distributa, zungusha injini kwa mkono mpaka pointi zigusane, ndipo upime: volti 6 hivi ni dalili njema. Zima swichi mara umalizapo, kwa sababu katika hali hiyo koili na rizista hupata moto haraka. Tumia mita ya kidijitali. Taa ya majaribio huwaka kwa volti 9 na pia kwa 12 bila kukuonyesha kipimo, hivyo mimi siitumii kwa kazi hii.

Baadhi ya magari hayana kauri, bali waya wenye ukinzani uliofichwa ndani ya fungu la nyaya. Usiukate na kuweka waya wa kawaida.

Hatua ya 4: Mtu apige stata ukiendelea kusoma mita. Stata hushusha betri hadi volti 10 hivi, hasa asubuhi za baridi za Julai, ndiyo maana waya kutoka kwenye solenoidi (swichi ya umeme ya stata) huipita rizista kwa muda huo na kuipa koili nguvu yote ya betri. Usomaji ukibaki chini sana ya ule wa betri, fuatilia waya huo.

Ukilazimika kununua koili, nenda na mita dukani, uipime kabla ya kulipa.