Namna ya Kujifunza Dansi za Kasri za Ulaya kutoka kwa Walimu wa Kale

Anayetaka kujifunza dansi zilizochezwa katika kasri za Ulaya kati ya karne ya 15 na ya 18 ana bahati kubwa, kwa kuwa walimu waliozifundisha waliziandika wenyewe, na mengi ya maandishi yao sasa yanasomwa bila malipo kwenye intaneti kupitia maktaba kama ile ya taifa ya Ufaransa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Kwa hiyo usianze kwa kuiga filamu. Nyingi huchanganya hatua za zama tofauti katika ukumbi mmoja, na mwili ukishazoea kosa, kuurekebisha ni kazi ngumu.

Anza na pavani, dansi ya mwendo wa polepole inayotembewa wawili wawili. Thoinot Arbeau, kasisi wa Langres, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1589, ambamo mwalimu anazungumza na mwanafunzi wake Capriol, na jina la kila hatua limechapwa pembeni mwa noti ya muziki inayoambatana nayo. Mguu wa kushoto unatangulia na wa kulia unaletwa kando yake. Kisha wa kulia unatangulia na wa kushoto unaufuata. Halafu zinakuja hatua tatu mfululizo kuanzia kushoto, na miguu inakutana tena. Mzunguko unaofuata huanza na mguu wa kulia. Itembee hivyo kwa siku kadhaa huku ukihesabu kwa sauti, mpaka miguu iache kuuliza zamu ni ya nani.

Ukitoka hapo, nenda kwenye minueti, dansi ya watu wawili ya hatua ndogondogo, na uipe muda mrefu kuliko dansi nyingine yoyote. Muziki wake una mapigo matatu katika kila kipimo, lakini hatua moja kamili ya dansi hujaza vipimo viwili, yaani mapigo sita, na ndani yake uzito wa mwili huhama mara nne tu. Hapo ndipo wanaoanza hupotea. Katika namna moja iliyozoeleka, kunja magoti kabla ya pigo la kwanza, kisha kanyaga kwa mguu wa kulia huku ukiinuka pigo hilo linapolia. Kunja tena katika la pili. Inuka juu ya mguu wa kushoto katika la tatu. Tembea juu ya vidole, kulia na kushoto, katika la nne na la tano. La sita ni la kukunja magoti kwa ajili ya duru ijayo. Siri yote iko katika kule kukunja kunakotangulia pigo: ukichelewa hapo, utaukimbiza muziki hadi mwisho. Mimi ningeshauri ufanye zoezi hili bila muziki kwanza, umeshika mgongo wa kiti, ndipo ujifunze mchoro wa njia unaofanana na herufi Z na kupeana mkono wa kulia, wa kushoto, kisha yote miwili.

Baada ya hapo utaweza kusoma alama za kuandikia dansi alizochapisha Mfaransa Raoul-Auger Feuillet mwaka 1700, mfumo unaohusishwa na Pierre Beauchamp, mwalimu wa dansi wa Mfalme Louis wa 14. Ukurasa ni sakafu inayotazamwa kutoka juu. Mstari ni njia ya mchezaji. Vijistari vinavyoukata hulingana na vipimo vya muziki vilivyochapwa juu ya ukurasa. Weka ukurasa sakafuni, utembee ukiuzungusha kila unapogeuka.

Kuhusu mikono, alama hizo husema machache. Msome Pierre Rameau, mwalimu wa dansi wa Kifaransa aliyechapisha maelezo yake mwaka 1725, kisha utazame michoro ya kitabu cha mwalimu Mwingereza Kellom Tomlinson cha mwaka 1735, ambamo wachezaji wameonyeshwa wakiwa wamesimama juu ya alama zenyewe. Vaa viatu vyepesi vyenye soli ya ngozi, kwani mpira hung'ang'ania sakafu na kuumiza goti unapogeuka. Walimu wawili wakitofautiana, jaribu njia zote mbili kwa muziki uleule, na uandike katika daftari ni ipi uliyochagua, na kwa sababu gani, ili mwenzako wa dansi aweze kuifuata.