Jinsi ya kuijenga 73939133, namba tasa unayoikata mkia ikabaki tasa

Wiki iliyopita binti wa jirani yangu hapa Majengo, Moshi, alikuja na daftari la hesabu akauliza: ipo namba tasa kubwa ambayo ukifuta tarakimu ya mwisho inabaki tasa, ukifuta tena bado tasa, mpaka iishe? Ipo: 73939133. Ifute kutoka kulia: 7393913, 739391, 73939, 7393, 739, 73, 7. Zote tasa. Tuliijenga hivi.

Hatua ya 1. Anza na 7. Mwishoni ongeza 1, 3, 7 au 9 tu.

Hatua ya 2. Chukua 73, kisha 739.

Hatua ya 3. 7391 ni 19 × 389, 7397 ni 13 × 569, na 7399 inagawanyika kwa 7. Inabaki 7393.

Hatua ya 4. Hapa nenda taratibu. 73931 ni 11 × 6721, na 73933 ni 17 × 4349. Zinabaki 73937 na 73939. Mara ya kwanza nilipojaribu hesabu hii, 73937 ilinila jioni nzima. Orodha yangu ya namba tasa iliishia 97. Niligawanya kwa zote, kila mara baki. Nikaamini ni tasa, nikaendelea kuijengea juu. Kumbe ni 107 × 691. Kwa hiyo kabla hujagawanya, tafuta kipeuo cha pili: cha 73937 ni 271 na ushee, na huruhusiwi kusimama kabla ya 271. Huna haja ya kuvuka hapo, maana vigawanyo viwili vyote vikizidi kipeuo, zao lao litaizidi namba yenyewe. 73939 nayo inataka namba tasa 58, kuanzia 2 hadi 271. Zifanye kwa mkono, uandike kila baki. Kikokotoo kinakupa desimali ndefu, na jicho likichoka linapitisha kosa. Baki iliyoandikwa unaweza kuirudia kesho ukaikagua.

Hatua ya 5. Kuanzia 739391 tumia kompyuta, kwani kwa mkono ungefika 859, na kwa 73939133 karibu 8600. Mimi natumia Linux: fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika factor 73939133. Ikirudi namba ileile peke yake baada ya nukta mbili, ni tasa. Rudia kwa kila tarakimu unayoongeza.

Hatua ya 6. Jaribu kuirefusha 73939133. Jumla ya tarakimu zake ni 38. Ukiongeza 1 inakuwa 39, ukiongeza 7 inakuwa 45, zote zinagawanyika kwa 3. Ukiongeza 3 au 9, factor itaivunja pia. Tawi limeishia hapo.

Ukianza na 2, 3 au 5 kuna matawi mengine. Namba za aina hii zote ni 83, na hakuna inayoizidi 73939133. Jana binti aliniletea lake: 2, 29, 293, 2939. Bado anaendelea.