Baridi ya Kinangop hutoka chini
Ukitoka Nairobi kwenda kupiga kambi Kinangop, usifikirie blanketi za kujifunika tu. Kule ni zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na baridi inayokuamsha saa tisa usiku hutoka ardhini. Tandika mkeka, kisha godoro jembamba, ndipo ulale. Hema lisimamishwe palipoinuka kidogo, kwa sababu hewa baridi huteremka bondeni. Huko chini ndiko majani ya viazi huungua kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Na tafadhali sana, jiko la makaa lisiingie hemani, hata moto ukiwa umefifia: gesi yake haionekani wala hainuki, na huua watu usingizini. Viazi, kabeji na maziwa utanunua Njabini, mji mdogo wa huko Kinangop.