Bastola Kuukuu ya Jeshi la Marekani: Kwa Mkusanyaji Anayeanza

Mimi fundi saa hapa Malindi, Unguja. Kusoma mihuri midogo kwenye chuma ndiyo riziki yangu. Mpwa wangu, raia wa Marekani, kaniuliza ataipataje bastola ya M1911 ya jeshi kihalali. Nawe uliye huko kama yeye, fuata haya.

Anza na Civilian Marksmanship Program, yaani mpango wa kufundisha raia kulenga shabaha, ya Anniston, Alabama, inayowauzia raia bastola hizi tangu 2018. Uwe na miaka 21. Unatuma fomu kwa posta, unapangiwa zamu kwa namba ya bahati nasibu, kisha bastola hupelekwa kwa muuzaji mwenye leseni, ambaye hukabidhi baada ya kukaguliwa rekodi zako. Subira itakuhusu.

Bastola hizo huuzwa kwa madaraja ya hali yake; zile za daraja la Rack zina vishimo vya kutu, lakini kwangu historia yake ni ile ile na bei ni nafuu.

Sasa mihuri, na hapa ndipo utamu ulipo. Bastola hizi zilitengenezwa na viwanda kadhaa, basi ukikuta fremu ya kiwanda cha Colt na sehemu ya juu ya Remington Rand, usidhani umeibiwa: karakana za jeshi zilichanganya vipuri zikikarabati. Tafuta herufi kama AA, za karakana ya Augusta. Kiwanda cha Singer kilitengeneza 500 tu, basi anayekuuzia moja kwa bei ya kutupa mtilie shaka kubwa.

Usiisugue ing'are, tafadhali! Rangi ya zamani ikitoka hairudi, na thamani huenda nayo. Ipake mafuta mepesi, ihakikishe haina risasi, ifungie kwenye sefu. Unguja usije nayo. Leta picha za mihuri, tutazisoma pamoja.