Kupiga hesabu ya ujazo wa mzigo kabla ya kuomba bei ya usafiri

Kabla ya kumwandikia wakala yeyote wa usafirishaji, uwe na namba tatu mkononi: idadi ya maboksi, uzito wa jumla na ujazo. Ya tatu ndiyo inayokosewa zaidi, na ndiyo inayofanya ankara ije kubwa kuliko bei uliyopewa, kwa sababu mzigo hupimwa upya ukifika ghalani.

Kupima

Pima boksi likiwa limeshafungwa na gundi, tayari kusafiri. Vipimo vya bidhaa vilivyoandikwa na kiwanda havitoshi, maana boksi, sponji na makaratasi ya kujazia huongeza sentimita kadhaa kila upande. Boksi lililojazwa sana hufura tumboni: kwenye pembe futi kamba itasoma sentimita 45, katikati itasoma 47. Andika 47. Ghalani wanachukua sehemu iliyochomoza zaidi, iwe ni tumbo la boksi, kishikio au ubao wa chini.

Zidisha urefu kwa upana kwa kimo, vyote kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000,000. Jibu ni mita za ujazo, ambazo kwenye bei huandikwa CBM, na hapa chini tutaziita pia mita kwa kifupi. Kama kiwanda kimekupa milimita, gawanya kwa 1,000,000,000. Kama ni inchi, zidisha kila kipimo kwa 2.54 kwanza. Boksi ambalo mtu mmoja analibeba kwa mikono miwili ni nadra kuzidi mita za ujazo 0.2, kwa hiyo ukipata 1.08 kwa boksi la namna hiyo, nukta imehama.

Pipa na roli hupimwa kama boksi: kipenyo mara kipenyo mara kimo. Pipa la lita 200 lenye kipenyo cha sentimita 58 na kimo cha 88 linahesabiwa 0.296, ingawa ndani linabeba 0.2 tu, kwa kuwa pembe tupu zinazolizunguka hazipangiki mzigo mwingine.

Usikadirie mapema. Boksi la 0.0146 ukiliandika 0.01, maboksi 500 yatasomeka mita 5 wakati ukweli ni 7.3. Fanya hesabu yote kwa desimali kamili, ukate mwishoni. Maboksi ya ukubwa tofauti kila kundi lihesabiwe peke yake, kisha ujumlishe. Wastani wa vipimo hudanganya.

Kinacholipiwa

Tuchukue maboksi 40, kila moja sentimita 60 × 40 × 45 na kilo 12. Boksi moja ni 0.108, yote ni mita za ujazo 4.32, na mizani inasoma kilo 480.

Kwa meli, ukichangia kontena na wengine, mita ya ujazo 1 hulinganishwa na tani 1, na namba iliyo kubwa ndiyo inayolipiwa. Hapa ni 4.32 dhidi ya 0.48, kwa hiyo unalipia 4.32. Vigae vyenye ujazo wa mita 2 na uzito wa kilo 3,400 vingelipiwa 3.4. Mzigo mdogo sana kwa kawaida hulipiwa kama mita 1 nzima.

Kwa ndege, sentimita za ujazo hugawanywa kwa 6,000 kupata uzito wa ujazo. Boksi letu linakuwa kilo 18, yote kilo 720, na hizo ndizo utakazolipia, wala si 480 za mizani. Kampuni za vifurushi vya haraka mara nyingi hugawa kwa 5,000, na hapo mzigo huohuo unakuwa kilo 864. Bei ya kilo moja kutoka kwa wasafirishaji wawili haina maana mpaka ujue kila mmoja anagawa kwa ngapi.

Kuna nafuu ambayo wengi wanaiacha. Tuseme una pia vipuri vya kilo 200 vilivyo kwenye mita 0.4, ambavyo uzito wake wa ujazo ni kilo 67 tu. Ukivisafirisha kando utalipia 720 na 200, jumla 920. Ukiviweka kwenye hati moja na maboksi, mizani inasoma 680, ujazo unatoa 787, na unalipia 787. Kizito kimejaza upungufu wa chepesi. Uliza kwanza kama wanalinganisha jumla ya mzigo au boksi kwa boksi, maana wa boksi kwa boksi hawatoi nafuu hiyo.

Paleti

Paleti, yaani jukwaa la kupangia maboksi, ya sentimita 120 × 100 inapokea maboksi yetu matano kwa safu: matatu upande mmoja, mawili yaliyogeuzwa upande wa pili, bila pengo. Safu nne ni sentimita 180, na paleti yenyewe 15, jumla 195. Paleti mbili ni mita 4.68. Maboksi yakichomoza sentimita 2 kila upande, kipimo kinakuwa 124 × 104 na jumla inapanda hadi 5.03, na hayo yaliyochomoza ndiyo yanayopasuka kwanza. Paleti isiyoweza kubeba nyingine juu yake inaweza kutozwa kimo chote kilichobaki, hivyo weka juu usawa ulio bapa na imara.

Kontena zima

Ndani ya kontena la futi 20 kuna takriban mita 5.9 × 2.35 × 2.39, yaani mita za ujazo 33. Ukigawa 33 kwa 0.108 unapata maboksi 305, na hesabu hiyo haitatimia. Panga kwa safu: 9 kwa urefu, 5 kwa upana, 5 kwa kimo, ni 225. Mlangoni zinabaki sentimita 50, na humo unageuza maboksi 3 kwa upana, 5 kwa kimo, yanaongezeka 15. Jumla 240, sawa na mita 25.9. Kwa paleti zingeingia 10, maboksi 200. Kwa makadirio ya haraka, shika mita 25 hadi 28 kwa futi 20, na 54 hadi 58 kwa futi 40 la kawaida. Mzigo mzito hufikia kikomo cha uzito kabla nafasi haijaisha.

Mzigo wa kuchangia ukikaribia mita 13 hadi 15, omba pia bei ya kontena zima la futi 20. Gharama za bandarini kwa mzigo wa kuchangia hutozwa kwa kila mita, na mara nyingi hapo ndipo kontena zima linapoanza kuwa rahisi.

Kukadiria gharama

Zidisha ujazo unaolipiwa kwa jumla ya bei zote za kila mita: nauli, ushushaji, ghala. Kisha ongeza ada zisizobadilika, kama hati na uondoshaji forodhani, halafu bima. Hesabu mara mbili: kwa ujazo wako, na kwa ujazo uliopanda asilimia 5 kwa ajili ya kufura na kupimwa upya.

Unapoomba bei, tuma idadi, vipimo vya kila ukubwa, uzito pamoja na boksi, na kama mzigo unaweza kuwekewa mwingine juu yake au la. Piga picha ya futi kamba ikiwa juu ya boksi, kila upande. Ikitokea tofauti ghalani, hizo ndizo za kutuma.