Land Rover inapiga stata lakini haiwaki: kusaka swichi ya siri

Wengi mnauliza kuhusu swichi ya siri, yaani ile iliyofichwa na mwenye gari ili mwizi asiweze kuwasha injini. Naandika mara moja ili inbox ipumue. Hili ni la Series II na IIA za petroli. Wenye dizeli haliwahusu. Yenu huzimwa kwa waya wa kuvuta unaokwenda kwenye pampu.

Tafuta taa ya kupimia yenye balbu ya volti 12. Ya LED iache nyumbani: IIA za kabla ya 1967 chanya ndiyo iko kwenye chesisi. Balbu haijali, LED itakudanganya kwamba hakuna moto.

1. Betri iwe imejaa.

2. Fungua kifuniko cha distributa uone kama rota ipo, kile kipande kinachozunguka ndani na kugawa moto kwa plagi. Wazee waliivua wakaondoka nayo mfukoni.

3. Bana taa kwenye chesisi, washa swichi, gusa SW ya koili, terminali inayopokea moto kutoka swichi ya ufunguo. Ikiwaka, endelea. Isipowaka, fuata waya mweupe kuelekea dashibodi; ulipoungwa na waya wa rangi nyingine, swichi iko upande huo.

4. Hapa niliunguza koili, kwa hiyo soma mara mbili. Gusa CB, terminali ya pili ya koili inayokwenda distributa, huku mwenzako anapiga stata: taa ipepese. Ikibaki imezima, ama pointi (swichi ndogo ndani ya distributa) hazifunguki, ama kuna mtu ameishusha CB, yaani ameiunga, kwenye chesisi kwa swichi iliyofichwa. Itazame hiyo terminali. Kiwandani unatoka waya mmoja tu kwenda distributa. Ukiona wa pili, mara nyingi wenye nati mpya kuliko wenzake, umezama nyuma ya ukuta wa injini, uchomoe upige stata.

USIVUTE waya kutoka betri hadi SW. Injini haitazimwa na ufunguo, na ikisimama pointi zimefungana, koili ya omu 3 inakula ampea 4 mfululizo mpaka inavimba na kuvuja mafuta. Tena ule waya mweupe hauna fyuzi. Ukilazimika, weka fyuzi ya ampea 10 na uuchomoe baada ya dakika chache.

5. Ukiipata swichi, ihamishie kwenye waya wa SW ikate moto. Ya kushusha CB huchemsha koili kila mwizi anapojaribu.

MASWALI

— Mkuu, yangu dizeli, hiyo CB iko wapi?
Rudi juu, aya ya kwanza.

— Nimenunua moja bila kadi wala ufunguo. Nianzie waya gani?
Anzia kwenye kadi.

— Hatua ya 4 sijaielewa, nifupishie.
Ndiyo fupi hiyo.

— Shikamoo fundi. Kwenye dashibodi kuna vitundu viwili, chekundu na cheusi. Ni vya kuzuia wizi?
Marahaba. Hapana, ni soketi za taa ya mkono ya kumulikia injini, za kiwandani. Usiviunganishe kwa waya mtupu. Na ile taa ya njano ya choki usiihangaikie: huwaka injini ikishapata moto huku choki bado imevutwa. Swichi yake ya joto iko kwenye silinda hedi. Wengi huichomoa wakidhani ni ya alamu.

— Asante sana. Na kirungu cha njano, kile cha kuingiza magurudumu manne, kimegoma kupanda?
Simama kabisa. Vuta wenzo mwekundu (wa gia nzito) nyuma, urudishe mbele, kitaruka chenyewe. Usitembee nacho chini kwenye lami, gia zinakazana.